Binti kaitwa majaribio ya klabu ya mpira wa wavu Marekani? Mzazi soma hii kabla hujasaini

 

Leo naandika zaidi kwa ajili ya mama zangu na baba zangu walioko Marekani. Najua wapo wengi ambao binti karudi kutoka shule na kikaratasi, anasema mama nataka kwenda kwenye majaribio ya klabu ya voliboli. Mzazi anajibu nenda tu mwanangu, michezo ni afya. Wiki mbili baadaye mzazi huyohuyo amesimama kwenye ukumbi umejaa watoto, mkononi ana fomu, na kwenye fomu imeandikwa dola elfu tatu na ushee. Anaambiwa amua sasa hivi, kuna mtoto mwingine anasubiri nafasi. Jamani!

Mada hii nimeletewa na dada yangu, ambaye ana binti wa miaka 13 huko Minnesota. Tulizisoma fomu zake kwa simu, mstari kwa mstari, na nikaona haya mambo hayajaandikwa popote kwa lugha yetu. Sasa nayaweka hapa ili yamfae na mwingine.

Kama una haraka, shika hili moja: majaribio si mtihani wa mtoto peke yake. Klabu inamchagua mtoto, na wewe unaichagua klabu. Ukishasaini umeingia mkataba wa pesa wa miezi kadhaa, si suala la michezo tu. Haya, twende taratibu.

KLABU SI SHULE

Sisi wa Bongo tumezoea hivi: mwalimu wa michezo anamuona mwanafunzi mrefu, anamwita uwanjani jioni. Akiwa mzuri, yuko msingi anakwenda UMITASHUMTA, yuko sekondari anakwenda UMISSETA. Mzazi anahangaikia raba na hela ya matumizi, mengine yanabebwa na shule na serikali. Ndugu zetu wa Kenya nao ni hivyohivyo, ukiwa na kipaji shule ndiyo inakubeba.

Marekani kuna njia mbili zinazokwenda pamoja. Kuna timu ya shule, ambayo kwa wasichana katika majimbo mengi hucheza kuanzia Agosti mpaka mwanzoni mwa Novemba. Halafu kuna klabu. Klabu haina uhusiano na shule. Ni chama au kampuni ya watu binafsi, ina makocha wake, ukumbi wake wa kukodi au wa kwake, na inaendeshwa kwa ada za wazazi. Nyingi zimesajiliwa chini ya USA Volleyball, ambalo ndilo shirikisho la taifa na limegawanya nchi katika kanda zipatazo 40. Nyingine zinacheza pia mashindano ya AAU. Msimu wa klabu huanza mwishoni mwa mwaka, ukapita baridi yote hadi masika, na kwa timu kubwa unaishia Juni au Julai kwenye mashindano ya taifa.

Na msishangae kwa nini watu wanakimbilia huko. Mchezo huu ulizaliwa hukohuko, Holyoke, Massachusetts, mwaka 1895, kwenye jengo la YMCA. Tarehe 30 Agosti 2023 Chuo Kikuu cha Nebraska kilicheza mechi ya wasichana kwenye uwanja wa futiboli wa Kimarekani, wakaingia watu 92,003. Mpira wa wavu tu huo! Kwa hiyo binti akisema anataka kucheza, ujue na wenzake darasani wanataka.

KALENDA NA UMRI

Usisubiri shule ikutangazie. Kila kanda ya USA Volleyball inapanga yenyewe tarehe ambayo klabu zinaruhusiwa kuanza majaribio. Kwa desturi wadogo hutangulia Oktoba hivi, na wa sekondari hufuata Novemba baada ya msimu wa shule kwisha. Ila siku hizi baadhi ya kanda, za Texas kwa mfano, zimesogeza majaribio hadi kiangazi. Mzazi anayesubiri Novemba anakuta timu zimejaa zamani. Fungua tovuti ya kanda yako mwezi Juni, uandike tarehe ukutani.

Timu hupangwa kwa umri, si kwa darasa. Utaona 12U, 13U, 14U na kuendelea, maana yake umri huo kushuka chini. Kila msimu hutolewa jedwali linaloonyesha aliyezaliwa tarehe fulani yuko kundi gani. Ndiyo maana marafiki wawili wa darasa moja wanaweza kujikuta timu tofauti. Asilie mtu, ndiyo kanuni.

Hapa nina neno kwa waliopitia makambi ya wakimbizi. Wapo walioandikiwa kwenye karatasi kwamba wamezaliwa 1 Januari wakati si kweli. Klabu inafuata cheti au pasipoti, siyo kumbukumbu ya bibi. Angalia karatasi za mtoto zinasemaje kabla hujamwandikisha, ili asije akapangiwa kundi lisilo lake.

Jambo lingine: mtoto haruhusiwi kugusa mpira kwenye majaribio ya USA Volleyball bila uanachama wa msimu huo. Unajisajili kwenye mtandao, unalipia, halafu unalipa na ada ya majaribio ya klabu yenyewe. Ukienda klabu tatu, ada tatu. Kwa hiyo chagueni nyumbani kwanza. Klabu mbili au tatu za karibu zinatosha, usimzungushe mtoto jimbo zima.

Kama klabu ina kikao cha wazazi kabla ya majaribio, nenda hata kama umetoka zamu ya usiku. Kwenye kikao watu wanajibu maswali. Siku ya majaribio hakuna mwenye muda na wewe.

SIKU YENYEWE

Mtoto atapewa namba ya kubandika kwenye fulana. Atapimwa urefu, kisha mkono unafika wapi akiwa amesimama, kisha unafika wapi akikimbia na kuruka. Baada ya hapo wanagawanywa kwenye viwanja: kupokea mpira, kupanga, kusevu, kupiga smashi, kuzuia kwenye neti. Mwisho wanacheza sita kwa sita huku makocha wanaandika.

Kipimo cha urefu kinawatisha sana wazazi. Ni kweli mrefu ana faida, maana kuanzia miaka 13 neti ya wasichana ni mita 2.24, sawasawa na ya wanawake wakubwa. Lakini timu haiwezi kuwa na wapiga smashi watupu. Yupo seta, anayegusa mpira wa pili karibu kila mara. Yupo libero, yule wa jezi ya rangi tofauti anayekaa nyuma kuokoa mipira, nafasi iliyoletwa katika mchezo wa kimataifa mwaka 1998. Libero haruhusiwi kuzuia kwenye neti, kwa hiyo ufupi haumsumbui. Binti mfupi mwenye miguu myepesi asikate tamaa.

Na makocha hawaangalii ufundi tu. Wanaangalia nani anaita mpira kwa sauti. Nani akikosea anarudi mchezoni bila kununa. Nani anakimbilia kuokota mipira kocha akisema muda umekwisha. Hapa watoto wetu wengi wanapoteza alama, kwa sababu nyumbani tumewafundisha kunyamaza mbele ya wakubwa. Mwambie mapema: ndani ya uwanja kupiga kelele si utovu wa adabu, ni kazi. Kuita "wangu!" ni sehemu ya mchezo. Na kumtazama kocha machoni akiongea si dharau, huko ndiyo heshima yenyewe.

Mzazi, wewe kazi yako siku hiyo ni kumfikisha dakika 30 kabla, na maji, pedi za magoti na raba zisizoteleza, halafu ukae kimya. Klabu nyingi haziwaruhusu wazazi kuingia ukumbini. Usimfuate kocha kumwambia mwanangu ni hodari, haisaidii kitu.

OFA, HAPA NDIPO PENYEWE

Majaribio yakiisha, wakati mwingine palepale, wakati mwingine kwa simu au barua pepe usiku, kocha anatoa ofa. Huwa ni ya timu fulani, kwa sababu klabu moja inaweza kuwa na timu tatu za umri mmoja. Ya kwanza inasafiri nchi nzima, ya pili inazunguka majimbo ya jirani, ya tatu inacheza karibu na nyumbani. Ada zao hazilingani, wala makocha wao si walewale.

Presha ipo. Utaambiwa nafasi ni 10 au 12 tu, ukichelewa anapewa mwingine. Mara nyingi ni kweli, lakini kanda nyingi zina kanuni zinazosema mtoto apewe muda gani wa kufikiri kabla ya kulazimishwa kujibu. Kanuni hizo ziko kwenye tovuti ya kanda. Zisome kabla, ili mtu akikwambia "sasa hivi" ujue kama ana haki ya kusema hivyo. Maana ukishasaini, kwa kawaida mtoto anafungwa na klabu hiyo msimu mzima, na kuhama si rahisi.

Kuna jambo naliona kwetu na linaniuma kidogo. Mzazi Kiingereza kinampa taabu, kwa hiyo mtoto ndiye anamfasiria mkataba. Wadau, mtoto wa miaka 13 anayetaka kucheza kufa na kupona atakufasiria nini? Atakusomea jezi na ratiba ya mazoezi. Ile sehemu inayosema ada yote inadaiwa hata akiacha katikati au akiumia ataipita kama hakuiona. Siyo kwamba ni mwongo, ni mtoto tu. Mtafute mtu mzima mwenzako, wa kanisani, msikitini au kazini, akusomee. Piga picha ya mkataba umtumie. Nusu saa inatosha.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini ni haya:

1. Ada yote ni kiasi gani, na ndani yake kuna nini? Jezi, mashindano, usafiri wa kocha?
2. Inalipwa kwa awamu ngapi? Kuna msaada kwa familia zenye kipato kidogo, na unaombwaje?
3. Mtoto akiumia, au sisi tukihama jimbo, tunadaiwa kiasi gani?
4. Mashindano ni mangapi, wapi, na mangapi yanahitaji kulala hotelini?
5. Kocha wa timu hii ni nani? Siyo mkurugenzi, kocha mwenyewe.
6. Kila mtoto anacheza kwa kiasi gani? Kuna timu zinazoahidi dakika sawa, nyingine zinasema wazi anayecheza ni yule kocha anayemuona anafaa.

Swali la tatu na la sita ndiyo wengi hawaulizi. Unalipa maelfu, mtoto anakaa benchi Januari mpaka Mei, nyumbani amani inatoweka. Na klabu haijavunja mkataba wowote.

HESABU ZA HELA

Tusidanganyane, huu mchezo wa klabu ni ghali. Timu ya karibu na nyumbani inaweza kuwa mamia ya dola au elfu moja na kitu. Timu inayosafiri nchi nzima inaweza kupita elfu tano kwa msimu, na hapo hujahesabu safari ya familia. Mashindano ya taifa ya AAU, kwa mfano, hufanyika Orlando, Florida. Ukiwa Minnesota, hiyo ni ndege, hoteli, chakula na siku za kazi ulizokosa. Mashindano mengine yana sharti la kulala kwenye hoteli walizopanga wao, usipofuata timu hairuhusiwi kucheza. Hata kwenye mlango wa ukumbi mzazi analipa kiingilio kumuona mwanawe mwenyewe.

Fanya hivi. Chukua ada ya klabu, ongeza hoteli, mafuta, chakula na viingilio, ongeza na zamu utakazoacha. Gawa kwa miezi ya msimu. Kisha weka hiyo namba pembeni ya kodi ya nyumba na ile hela unayotuma nyumbani kila mwezi. Ikikaa, sawa. Isipokaa, omba timu ndogo. Hakuna aibu yoyote. Kwa binti wa miaka 12 anayeanza, kugusa mpira mara nyingi kwenye timu ya tatu kuna faida kuliko kuvaa jezi nzuri na kukaa benchi ya timu ya kwanza.

Ratiba nayo ni gharama. Mashindano mengi ni Jumamosi na Jumapili, asubuhi mpaka jioni. Tena timu ikimaliza mechi haiondoki, inapewa zamu ya kazi: watoto wenyewe wanashika daftari la pointi, bendera za mistari na filimbi ya mwamuzi wa pili kwenye mechi ya wengine. Wazazi wageni hawalijui hili, wanamwambia mtoto twende, kumbe timu inaachwa pungufu na inaweza kuadhibiwa. Wa ibada za Jumapili, Wasabato wa Jumamosi, semeni na kocha kabla ya kusaini. Waislamu pia, maana miaka hii Ramadhani inaangukia katikati ya msimu. Mwaka 2026 ilianza Februari.

HIJABU NA MAVAZI

Wazazi wengi wanaogopa ile bukta fupi ya kubana. Usimkataze mtoto kwa sababu hiyo kabla hujauliza. Watoto wanacheza na suruali ya kubana chini ya bukta na mikono mirefu, muhimu klabu ijue mapema iagize rangi inayofaa. Kuhusu hijabu, mwaka 2020 huko Tennessee mchezaji wa sekondari alitolewa kwenye mechi ya shule kwa sababu hakuwa na barua ya kibali cha kuivaa. Ilileta kelele kubwa, na shirikisho la michezo ya sekondari likabadilisha kanuni ya voliboli mwaka 2021, kibali kisitakiwe tena. Kwa klabu, uliza kwa maandishi ujibiwe kwa maandishi, utunze.

USALAMA WA MTOTO

Hili usione haya kuliuliza. Baada ya kashfa za unyanyasaji wa watoto kwenye michezo, Marekani ilianzisha kituo cha SafeSport mwaka 2017, na mwaka 2018 ikatungwa sheria. Makocha walio chini ya USA Volleyball wanatakiwa wachunguzwe rekodi zao na wapate mafunzo hayo. SafeSport wana orodha ya wazi kwenye mtandao ya watu waliofungiwa, unaandika jina la kocha unaangalia. Kocha mtu mzima hatakiwi kuwa peke yake na mtoto mahali pa faragha, wala kumwandikia meseji za siri bila mzazi au mtu mzima mwingine kuona. Kocha akikasirika kwa kuulizwa haya, umeshapata jibu lako.

NDOTO YA KUSOMESHWA BURE

Najua wengi mnavumilia hizi gharama mkiamini mtoto atapata chuo bure. Inawezekana, lakini tuangalie hesabu. Wasichana wanaocheza timu za sekondari Marekani ni zaidi ya 450,000. Kwa miaka mingi timu ya chuo ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili kwa wachezaji 12 tu. Kuanzia msimu wa 2025 vyuo vilivyoingia utaratibu mpya vinaweza kuwa na wachezaji hadi 18, na kila chuo kinaamua kitoe kiasi gani. Vyuo vya Daraja la Tatu havitoi kabisa ufadhili wa michezo. Na kwa kanuni za NCAA, makocha wa Daraja la Kwanza hawaruhusiwi kuwasiliana na mchezaji kuhusu usajili mpaka 15 Juni baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari. Kwa hiyo mtu akikwambia lipa timu ya gharama kwa binti wa miaka 11 ili aonwe na vyuo, tabasamu, shukuru, ondoka.

Mlipie mtoto kwa sababu anapenda, anapata marafiki na mwili unajengeka. Chuo kikija, alhamdulillah.

AKIKOSA JE?

Watoto wengi wanakosa mwaka wa kwanza. Hakukosa utu, amekosa nafasi 12. Mpe siku mbili alie, halafu mwandikie kocha barua pepe fupi, uulize afanyie kazi nini. Wengi wanajibu. Baada ya hapo kuna YMCA, ligi za mitaa na za manispaa kwa bei nafuu, na timu ya shule bado ipo. Ukuta wa gereji na mpira mmoja vinatosha kufundisha mikono kupokea.

Mnaonaje wadau? Waliokwishapita huko, hebu mwageni uzoefu wenu hapo chini, hasa wa Texas na Ohio. Klabu zenu zinatoa msaada wa ada? Mliuliza nini kabla ya kusaini? Na wa nyumbani, ndugu akikwambia mwezi huu mambo si mazuri kwa sababu ya mpira wa mtoto, sasa mnajua hadanganyi.

Nawasilisha.